Nesi anapouliza: "Mtoto aliumiaje?"

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumechagua kuongea juu ya swali moja ambalo linaudhi wazazi wengi kwenye kituo cha afya. Umefika na mtoto wako, ameungua au mkono umevimba. Badala ya dawa, kwanza yanakuja maswali. Aliumiaje? Saa ngapi? Nani alikuwa naye nyumbani? Kisha daktari anaingia na kuuliza yaleyale, kama vile hakumsikia nesi. Halafu wanamwambia mtoto avue shati, na wewe ulikuja kwa ajili ya mguu.

Wengi wanatoka pale na hasira. Wengine wanatoka na woga, kwa sababu maneno yanatembea kambini. Eti hospitali inanyang'anya watu watoto. Eti jina likishaandikwa pale, safari ya nchi ya tatu imekufa. Na ndugu zetu walio Marekani wanapiga simu na kuongeza chumvi: huku ukimgusa mtoto tu, polisi wako mlangoni. Matokeo yake sisi tunayaona darasani. Mtoto anakuja na jeraha la moto la siku nne, limepakwa dawa ya meno na limeanza kunuka. Ukiuliza nyumbani, unaambiwa waliogopa maswali.

Basi tuseme maswali hayo yanatoka wapi, yanatafuta nini, na yakijibiwa, nini kinafuata.

Zamani madaktari hawakuuliza

Usifikiri ni jambo waliloletewa wakimbizi. Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya na Marekani walitibu mifupa ya watoto iliyovunjika bila kuuliza nani aliivunja. Huko Paris, mwaka 1860, daktari mmoja jina lake Ambroise Tardieu aliandika habari za watoto 32 walioteswa na watu wa nyumbani mwao, na 18 kati yao walikufa. Hakusikilizwa. Mwaka 1946 huko Marekani, mtaalamu wa eksirei, John Caffey, aliandika juu ya watoto wachanga 6 waliokuwa na damu iliyovia kwenye ubongo. Katika miili yao alihesabu mivunjiko ya mifupa 23. Wazazi walikuwa hawana la kueleza.

Aliyeamsha watu kabisa ni Henry Kempe, na habari yake inatugusa sisi kwa namna ya pekee, maana huyu alikuwa mkimbizi. Alizaliwa mwaka 1922 mjini Breslau katika familia ya Kiyahudi. Akiwa kijana aliikimbia Ujerumani ya Hitler, mwishowe akafika Marekani na kusomea udaktari. Akiwa mkuu wa madaktari wa watoto kwenye hospitali ya Denver, alichoka kuona watoto waliopigwa wakiandikiwa magonjwa ya ajabu ambayo hawakuwa nayo. Mwaka 1958 akaanzisha timu: daktari, mtu wa ustawi wa jamii na mtaalamu wa mambo ya akili, wote wanakaa meza moja kuongelea mtoto mmoja. Mwaka 1962 yeye na wenzake walichapisha makala juu ya mtoto anayepigwa. Walikuwa wameuliza hospitali, na hospitali 71 zilijibu kwamba katika mwaka mmoja zimeona watoto wa namna hiyo 302. Kati yao 33 walikufa, na 85 walibaki na ubongo ulioharibika moja kwa moja.

Kufikia mwaka 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kumtaka daktari atoe taarifa akimshuku mtu amemtesa mtoto. Ndiyo sheria ambayo ndugu zetu wanailalamikia kwenye simu. Haikuwekwa kwa ajili ya Wakongo wala Warundi, ilikuwepo kabla baba zetu wengi hawajazaliwa. Na kutoa taarifa siyo kumchukua mtoto. Hata kule, taarifa nyingi zinaisha mtoto akiwa bado nyumbani kwake.

Wanaangalia nini

Jambo la kwanza wanaloangalia siyo jeraha, ni jeraha pamoja na hadithi yake. Je, vinalingana? Mtoto wa miezi miwili hawezi kugeuka mwenyewe na kuanguka kitandani. Ukisema aligeuka, nesi ataandika, na atauliza tena. Haina maana kwamba umeshakuwa mhalifu. Pengine kaka yake wa miaka mitano alimbeba akamwangusha, na wewe unamficha kaka. Sema tu kwamba ni kaka. Hadithi ya kweli, hata kama inatia aibu, inamsaidia daktari kujua atafute nini ndani ya kichwa cha mtoto.

Umri ni ufunguo mkubwa. Mtoto anayetembea ana alama kwenye ugoko, magoti na paji la uso, kila mzazi anajua hilo. Mtoto ambaye hajaanza hata kushika ukuta ni mwingine. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, kati ya watoto 366 walio chini ya miezi sita, ni 2 tu waliokutwa na alama ya kuvilia damu. Kwa hiyo alama ndogo kwenye shavu la mtoto mchanga, ambayo wewe unaiona si kitu, inaweza kumfanya daktari aache kila kazi. Vilevile alama kwenye sikio, shingo, tumbo au mgongo wa mtoto mdogo. Mtoto akianguka hatangulizi sikio.

Moto nao una lugha yake. Hapa kambini mbabula iko chini, sufuria ya maji iko chini, na mtoto yuko chini. Maji yakimmwagikia, yanaruka ovyo: huku kidonda kikubwa, kule matone, chini yake yanapungua. Lakini mtoto aliyetumbukizwa kwenye maji moto kwa nguvu ana kidonda chenye mpaka, kama amevaa soksi, na mara nyingi miguu yote miwili inafanana. Waya au kamba iliyokunjwa inaacha alama ya kitanzi. Bakuli la mkanda linaacha umbo lake. Mtoto mdogo akitikiswa kwa hasira anaweza asiwe na alama yoyote nje, halafu anatapika, analegea, analala asiamke vizuri, kwa sababu damu inavuja ndani. Tunaandika hili wazi kwa sababu wengine wanafikiri kutikisa ni nafuu kuliko kupiga. Kwa mtoto mchanga siyo nafuu hata kidogo.

Tena wanaangalia muda. Mkono umevunjika Jumatatu, mnafika Ijumaa, kwa nini? Hapa ndipo woga wetu unatugeukia. Mzazi asiye na kosa anachelewa kwa kuogopa kushukiwa, na kule kuchelewa ndiko kunakomfanya ashukiwe. Kama ulichelewa kwa sababu hukuwa na pesa ya boda, sema hivyo. Hata hilo linaandikwa.

Na wanaangalia mtoto mwenyewe, anavyomtazama yule aliyemleta.

Msichana wa Abidjan

Kuna kesi moja tunayotaka kila mlezi hapa aijue, maana inafanana na maisha yetu. Victoria Climbié alizaliwa mwaka 1991 karibu na Abidjan, nchini Côte d'Ivoire. Wazazi wake walikuwa na watoto kadhaa na hawakuwa matajiri. Mwaka 1998 akaja shangazi wa baba yake aliyekuwa akiishi Ufaransa, akasema atamchukua amsomeshe Ulaya. Nani kati yetu hajawahi kumpa ndugu mtoto namna hiyo? Wazazi wakakubali kwa moyo mweupe. Shangazi akampitisha kwa pasipoti ya mtoto mwingine, na Aprili 1999 wakafika London.

Julai 1999 Victoria alipelekwa hospitali mara mbili, kwenye hospitali mbili tofauti za London. Mara ya kwanza aliletwa na binti wa mama mmoja aliyekuwa akimlea mchana, ambaye aliona alama mwilini. Daktari wa kwanza alishuku ameumizwa kwa kusudi. Daktari mkubwa akaja, akasema ni upele, na mtoto akarudishwa kwa shangazi. Siku kumi baadaye akaletwa ameungua kichwa na uso. Shangazi akaeleza kwamba mtoto alijimwagia maji moto mwenyewe kwa sababu ya muwasho wa ule upele. Alilazwa karibu wiki mbili. Manesi waliona makovu, waliona jinsi mtoto alivyobadilika shangazi akiingia wodini. Lakini mengi waliyoyaona hayakuandikwa kwenye faili, na yaliyoandikwa hayakuunganishwa. Akaruhusiwa.

Victoria alikufa tarehe 25 Februari 2000, akiwa na miaka 8. Waliompima walihesabu alama za majeraha 128 mwilini mwake. Shangazi na mwanaume aliyeishi naye walifungwa maisha mwaka 2001. Serikali ya Uingereza ikaunda tume chini ya Lord Laming, nayo ikatoa ripoti Januari 2003. Ilionyesha nafasi 12 ambazo mtoto yule angeweza kuokolewa, na ikatoa mapendekezo 108. Moja lilisema kwamba mtoto ambaye Kiingereza siyo lugha yake ya kwanza apewe mkalimani. Lingine, kwamba mtoto anayeshukiwa kuteswa asiruhusiwe kutoka hospitali mpaka daktari bingwa akubali na mpango wa kumlinda uwe umeandikwa.

Sasa ukiona kwenye kituo chetu nesi anaandika kila alama kwenye mchoro wa mwili, au anatafuta mkalimani wa Kibembe wakati mama mdogo wa mtoto yuko tayari kutafsiri, ujue sababu. Yule anayetafsiri anaweza kuwa ndiye anayeogopwa. Na sisi tunaongeza hili: kambi yetu imejaa watoto wanaoishi na wasiowazaa. Wengine walipotea na wazazi wao njiani, wengine waliachwa kwa shangazi au kwa jirani wa kijiji kimoja. Walezi wengi wanawapenda kama wao wenyewe. Lakini mtoto wa kulelewa hana bibi wa kukimbilia jioni. Tunaposikia mtu anasema "huyo siyo wake, ndiyo maana anampiga hivyo", na anasema akicheka, sisi hatuoni la kuchekesha.

Madaktari nao hukosea

Mwaka 1987 kaskazini mwa Uingereza, katika mji wa Middlesbrough, madaktari wawili walitangaza kwa miezi michache kwamba watoto 121 wamenajisiwa, kwa kutegemea sana kipimo kimoja. Watoto wengi waliondolewa nyumbani, na baadaye wengi wao wakarudishwa kwa wazazi wao. Uchunguzi wa mwaka 1988 ulisema wazi kwamba kazi hii haifanywi na mtu mmoja mwenye macho makali. Ndiyo maana ya timu: mmoja anashuku, wa pili anauliza kama kuna maelezo mengine.

Na maelezo mengine yapo, hasa kwetu. Watoto wengi wa Kiafrika wanazaliwa na madoa ya rangi ya bluu au kijivu mgongoni na matakoni. Siyo kipigo, na yanapotea polepole mtoto akikua. Mwombe mkunga ayaandike kwenye kadi ya kliniki mtoto anapozaliwa, asije mtu mgeni akayaona baada ya miezi minne na kushtuka. Kuna watoto wachache wenye ugonjwa wa mifupa laini inayovunjika kwa kitu kidogo. Kuna wenye damu isiyoganda upesi. Timu nzuri inapima haya kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

Halafu kuna mambo ya mila. Chale za mganga, alama za kuumika, kuchoma ngozi kwa chuma ili kutoa ugonjwa, kumkata mtoto kimeo, kung'oa yale wanayoyaita meno ya uongo kwenye ufizi wa mtoto mchanga anayeharisha. Anayefanya hivyo mara nyingi anatafuta uponyaji, hana chuki. Nesi mwenye busara ataona tofauti na kumweleza mama kwa upole. Lakini tusidanganyane, mtoto aliyeng'olewa ufizi kwa spoku ya baiskeli anavuja damu na anapata maambukizo yaleyale, hata kama aliyemshika anampenda. Hilo la meno ya uongo sisi tunaliona ni madhara, na tungependa liishe kambini.

Njaa siyo kosa la mama

Swali gumu kuliko yote ni la mtoto aliyekonda. Kutomjali mtoto, kumnyima chakula, kutompeleka hospitali, kumfungia ndani peke yake, nayo ni mateso, na timu inatakiwa kuyaona. Lakini hapa Uganda mgao wa chakula umepungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2023 familia ziligawanywa kwa mafungu kulingana na shida, na mwaka 2025 wakimbizi karibu milioni 1 waliondolewa kwenye mgao. Mama ambaye hana unga hamtesi mtoto wake, yeye mwenyewe anateswa. Anachohitaji ni kuingizwa kwenye mpango wa lishe, asipewe maswali ya polisi.

Nesi anatofautishaje? Anaangalia nyumba nzima. Watoto wote wamekonda na mama pia? Hiyo ni njaa. Watatu wana afya na mmoja, yule wa kulelewa, ana miguu iliyovimba na nywele nyekundu? Hapo anauliza zaidi. Kadi ya kliniki inasaidia sana, maana mstari wa uzito unaonyesha mtoto alianza kushuka mwezi gani, na pengine ndiyo mwezi aliohamia nyumba ile. Tunzeni kadi, jamani. Tumeona zimefungiwa karanga.

Wakitoa taarifa, nini kinafuata

Sheria ya watoto ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2016. Inamtaka daktari, mwalimu, mtu wa ustawi wa jamii na kiongozi wa mtaa atoe taarifa akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto anahitaji ulinzi. Inatuhusu sisi walimu pia, na sheria hiyohiyo ilipiga marufuku viboko shuleni. Kwa hiyo nesi akisema "lazima niandike", hana chuki na wewe. Akinyamaza, yeye ndiye anayevunja sheria.

Taarifa inaenda kwa watu wa ulinzi wa watoto, kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na ikiwa ni kosa la jinai, kwa polisi. Majeraha yanaandikwa kwenye fomu ya polisi namba 3. Mtu anakuja kuitembelea nyumba. Mara nyingi kinachofuata ni mazungumzo, kufuatiliwa, pengine msaada ambao mama alikuwa hajui kwamba upo. Hospitali haina uwezo wa kumchukua mtoto wako na kumpa mwingine. Uamuzi huo ni wa mahakama ya familia na watoto, na sheria inataka kwanza njia nyingine zote za kumsaidia ziwe zimejaribiwa zikashindikana. Mtoto akiwa kwenye hatari kubwa usiku huo, ndiyo, anaweza kuhamishiwa mahali salama kwa muda. Hatutaficha hilo. Lakini kati ya kuulizwa maswali na kuondolewa mtoto kuna njia ndefu, siyo hatua moja kama wanavyosema kwenye foleni ya maji. Na safari za nchi ya tatu daktari hana meza ya kuziamulia.

Yako mambo ambayo bado yanatusumbua. Maswali mengine yanaulizwa mbele ya foleni nzima, na jioni kijiji chote kinajua. Mzazi ana haki ya kuomba aongelee ndani, mlango umefungwa. Omba kwa heshima, lakini omba.

Neno la haraka kuhusu mtoto aliyenajisiwa, maana hapa saa zinahesabiwa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Msichana aliyebalehe anaweza kupewa vidonge vya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Msimwogeshe kabla hajaonwa. Nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi au kitambaa, siyo mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki inaziozesha. Dawa isingoje fomu ya polisi, na fomu isingoje kikao cha wazee. Tunajua familia nyingi zinaanza na wazee, zinaongea mbuzi na fidia siku tatu, nne, na ile saa 72 imekwisha.

Ukiona mtoto wa jirani na huwezi kwenda mwenyewe, mwambie mtu wa VHT wa kijiji chako, au mwalimu yeyote. Namba ya simu ya watoto hapa Uganda ni 116, haikatwi pesa. Kituo cha afya kinapokea majeraha ya watoto hata usiku, na kesi nzito zinapelekwa hospitali kubwa ya Mbarara. Mkitoka nyumbani, beba kadi ya kliniki, na aende yule aliyekuwepo mtoto alipoumia.